Kiwanja cha mtaa, bustani ya jiji na njia ya kando ya mto: majibu kwa wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu uwanja wenye uwezo wa kuketisha watazamaji 30,000 unaojengwa Olmoti, hapa Arusha, kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuziandaa kwa pamoja. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, lakini chache mno ziliuliza habari za uwanja huo. Wasomaji waliuliza kuhusu viwanja vya vumbi vya mitaani kwao, bustani zilizokauka, vijia vya kando ya mito na watoto wasio na mahali pa kuchezea. Kwa kuwa nilitumikia idara za mipango miji katika halmashauri za kanda hii ya kaskazini kabla ya kustaafu, mhariri ameniomba nizijibu. Nimechagua saba zinazowagusa wengi.

SWALI: Mtaani kwetu Sombetini kuna eneo ambalo tangu tukiwa wadogo tumelijua kuwa ni uwanja wa mpira. Mwezi uliopita tumekuta mtu amemwaga mawe na mchanga pembeni, na anadai kuwa ana karatasi zake. Mwenyekiti wa mtaa anasema hana taarifa. Kiwanja kama hiki ni mali ya nani, na sisi wakazi tuna haki gani? (Kijana wa Sombetini)

JIBU: Kijana wangu, swali hili limejirudia katika barua nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kisheria, ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi; ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Kwa hiyo, mtu akishamwaga mawe, jambo la kwanza la kuuliza ni eneo hilo limepangiwa matumizi gani, na jibu lake mwenyekiti hawezi kulitoa kwa kumbukumbu zake, wala huyo mwenye karatasi hawezi kulitoa kwa madai yake. Jibu limo katika mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na katika ramani ya upimaji iliyotokana na mchoro huo, ambavyo vyote viwili hutunzwa na ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri. Humo kila kipande kimeandikiwa matumizi yake, yawe makazi, biashara, shule, eneo la wazi, kiwanja cha michezo, hifadhi ya barabara au hifadhi ya mto.

Ukishauona mchoro, utakuta mojawapo ya hali tatu. Hali ya kwanza ni kwamba eneo limeandikwa kuwa la wazi au la michezo. Hapo halmashauri ndiyo mlezi wake kwa niaba yenu, na kulibadilisha liwe la makazi au biashara ni utaratibu mrefu ambao barua ya ofisa mmoja haiwezi kuukamilisha: kusudio hutangazwa, wakazi hupewa nafasi ya kuweka pingamizi kwa maandishi, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya baraza la madiwani hulijadili. Ikiwa hamkuona tangazo lolote, mna sababu nzuri ya kuomba mwonyeshwe kumbukumbu za kikao kilichopitisha mabadiliko hayo.

Hali ya pili inauma zaidi, nami nimekutana nayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mitaa mingi ya Arusha ilikua kabla ya kupimwa, wenyeji wakikata mashamba yao vipande na kuuza, na uwanja mnaoujua ulikuwa shamba la mtu ambaye hakuwa na haraka nalo. Aliwaachia mcheze kwa hisani. Siku warithi wakigawana, uwanja unakwisha, na hakuna sheria iliyovunjwa. Tumaini lililopo katika hali hiyo ni zoezi la urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua rasmi mitaa iliyokua bila mpango, kwa sababu hapo ndipo wakazi hukaa pamoja na wapimaji na kukubaliana nani atapunguza ardhi yake kwa ajili ya barabara, na nani yuko tayari kuuza kipande kwa ajili ya kiwanja cha mtaa. Nimehudhuria vikao vya aina hiyo ambavyo barabara zilijadiliwa kwa saa tatu na kiwanja cha watoto hakikutajwa hata mara moja. Mtaa wenu ukifikia zoezi hilo, nendeni mkitaje nyinyi.

Hali ya tatu ni kwamba eneo lina mmiliki anayetambulika: shule, taasisi ya dini, kampuni au chama. Hata Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ambao wengi huudhani kuwa wa Jiji, ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Katika hali hiyo mnachoweza kufanya ni kuomba makubaliano ya matumizi yaandikwe, hata ya ukurasa mmoja, ili ruhusa isitegemee moyo wa mwalimu mkuu au mchungaji aliyepo leo.

Sasa la kufanya wiki hii. Msiyaguse mawe yake, maana mkiyahamisha nyinyi ndio mtakaokuwa na kesi. Piga picha zinazoonyesha tarehe. Ombeni mkutano wa mtaa, na hakikisheni muhtasari wake unaandikwa na kutiwa sahihi. Peleka barua kwa Afisa Mipango Miji kupitia kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa diwani, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa eneo ni la wazi, halmashauri inaweza kuzuia ujenzi mara moja, na nyote mnayajua yale maandishi mekundu yanayopakwa ukutani. Kazi hiyo huwa rahisi msingi ukiwa haujainuka, na huwa mgogoro wa miaka kumi nyumba ikishaezekwa. Baada ya hapo ombeni bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa na wapimaji, zitafutwe na kuonyeshwa hadharani, na kibao cha halmashauri kisimikwe. Kibao ni kitu kidogo, lakini nimeona kikimfanya mnunuzi aliyekwisha hesabu fedha azirudishe mfukoni.

Wakati mnangoja majibu, endeleeni kucheza pale kila jioni.

SWALI: Nimeishi Arusha zaidi ya miaka 40. Nimeshuhudia bustani nyingi zikizinduliwa, utepe ukikatwa na miti ikipandwa na viongozi, na kabla mwaka haujaisha maua yamekauka, benchi zimevunjika na mbuzi wanachunga humo. Tatizo ni uzembe, au ni umaskini wetu? (Mwalimu mstaafu, Kaloleni)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Uzembe upo, na fedha ni kweli hazitoshi, lakini kwa maoni yangu ugonjwa wenyewe uko katika namna tunavyoandika bajeti. Fedha za kujenga bustani huwekwa katika fungu la maendeleo, ambalo kila mtu hulipenda kwa kuwa lina picha na lina siku ya uzinduzi. Fedha za kuitunza zinapaswa kutoka katika matumizi ya kawaida, na huko zinashindana na mafuta ya magari, karatasi, umeme na posho. Mwezi wa nne baada ya uzinduzi mtunza bustani anakosa mpira wa kumwagilia, mwezi wa sita anakosa malipo, na mwezi wa nane anaacha kuja.

Niliwahi kushiriki katika jambo la namna hiyo, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Tulipanda miche mizuri ya miringaringa na misesewe mwishoni mwa masika, kwa shangwe, na mimi ndiye niliyechora mpango wa bustani. Katika mchoro wangu kulikuwa na njia, vivuli na sehemu ya watoto, lakini hakukuwa na bomba la maji wala jina la mtu wa kumwagilia kuanzia Juni. Hadi Septemba karibu yote ilikuwa imekufa. Lilikuwa kosa langu kama mpangaji, na tangu hapo sijawahi kusifu mchoro wa bustani kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi.

Bustani inahitaji kazi ya mwaka mzima, na kazi hiyo inajulikana. Wakati wa masika na vuli nyasi hukimbia, hivyo kufyeka hufanywa kila baada ya wiki mbili hivi na mitaro huzibuliwa kila baada ya mvua kubwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba kazi kubwa ni maji, nayo hutolewa asubuhi na mapema au jioni, mengi kwa mara chache ili mizizi ishuke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Ukoka wa uwanja wa mpira unahitaji kupumzishwa, hasa mbele ya magoli ambako udongo huchimbika, na njia iliyo rahisi ni kuhamisha magoli mita chache kila baada ya miezi michache. Bembea na mitelezo hukaguliwa kila wiki: minyororo, bolti, mbao zenye ufa. Chini yake panatakiwa mchanga laini wenye kina cha sentimita 30 hivi, na mchanga huo hutawanyika kwa miguu ya watoto, kwa hiyo lazima urudishwe. Nimeona bembea nzuri sana zilizowekwa juu ya zege, na kila nikiziona moyo wangu hushtuka.

Ipo miji iliyolitatua suala la fedha kwa kulitenga na mivutano ya kila mwaka. Mji wa Minneapolis, nchini Marekani, una bodi ya bustani iliyoundwa mwaka 1883. Wajumbe wake tisa huchaguliwa na wananchi, na ina sehemu yake ya kodi ya majengo ambayo idara nyingine haiwezi kuikopa. Sisemi tuige bodi hiyo, kwa sababu mfumo wetu wa serikali za mitaa ni tofauti. Ninachokipenda ni kwamba bustani zao zina kifungu chenye jina, na kila mkazi anaweza kuuliza kimetumikaje.

Kwetu njia ipo tayari na haitumiki vya kutosha. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi maalumu vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kutunza bustani ni kazi inayovifaa vikundi hivyo kuliko kazi nyingi ninazozifahamu: haihitaji mitambo mikubwa, inafanyika karibu na nyumbani, na ubora wake unaonekana kwa macho ya kila apitaye. Halmashauri ikitoa mkataba wa mwaka mmoja kwa kikundi cha vijana wa mtaa, wenye orodha ya kazi za kila mwezi na malipo yanayofuata ukaguzi, basi mbuzi atafukuzwa na mtu ambaye mshahara wake unategemea nyasi hizo. Kikundi hicho hicho kinaweza kununua mashine ya kufyekea kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukialikwa tena kwenye uzinduzi, uliza nani amelipwa kuitunza hadi Juni ijayo.

SWALI: Je, bodaboda wanaruhusiwa kuegesha ndani ya bustani ya umma? Kwetu wameifanya kituo. (Mkazi wa Kijenge)

JIBU: Hapana, isipokuwa halmashauri iwe imewatengea sehemu hiyo. Lakini kabla ya kuwafukuza, tazameni kwa nini wamekaa pale. Mara nyingi ni kwa sababu ya kivuli na kwa sababu abiria hupita hapo. Wakipewa kituo chenye mti au paa upande wa nje wa uzio, ugomvi hupungua, na wao wenyewe huwa macho ya ulinzi alfajiri na usiku. Vigingi vya zege au mawe makubwa yaliyopangwa kwa nafasi ya mita moja na robo huzuia gari lakini huruhusu kiti cha magurudumu. Pikipiki itapita bado, na hapo itabidi mwelewane.

SWALI: Uwanja tunaoutegemea hukodishwa kwa maonyesho, matamasha na mikutano ya injili, wakati mwingine wiki mbili mfululizo. Watoto wetu hufukuzwa. Hivi karibuni tumesikia pia kwamba bustani fulani zitaanza kutoza kiingilio. Ni halali umma kulipia kilicho cha umma? (Mama wa watoto watatu, Ngarenaro)

JIBU: Mama, halmashauri inayo mamlaka ya kuweka ada kwa sheria ndogo, na kukodisha uwanja si dhambi, fedha hizo zinaweza kuwa ndizo zinazolipa mlinzi na maji. Mambo mawili ndiyo yanayonisumbua. La kwanza ni kwamba fedha zikilipwa kwa namba ya malipo ya serikali huingia katika mfuko mkuu, na uwanja wenyewe hauoni hata gunia la mbolea. La pili ni kwamba mwenye mahema huondoka akiacha mashimo ya vigingi, vioo na alama za matairi ya malori zilizozama katika nyasi, na hakuna aliyeshika amana yake. Mkataba wa kukodisha unapaswa kuwa na amana inayorudishwa baada ya ukaguzi, ukomo wa siku kwa mwezi, na sehemu ya uwanja inayobaki wazi kwa watoto wakati wote wa shughuli. Masharti haya matatu yanaweza kuandikwa katika kikao kimoja, na diwani wako ndiye mtu wa kuyapeleka.

Kuhusu kiingilio, ninatofautisha. Mahali panapohitaji walinzi wengi na ambapo wageni hutoka mbali kuja kutembea, ada ndogo inaweza kukubalika. Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa hatarini kumegwa na wajenzi, na mwaka 1999 marehemu Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa akiutetea. Miaka iliyofuata jumuiya ya wakazi ilishirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya kuweka uzio, milango na njia za kutembea, na wageni hulipa mlangoni. Watu waliokuwa wakiogopa kupita humo sasa hukimbia humo na watoto wao. Lakini Karura ni msitu wa jiji zima. Bustani ya mtaa, ambayo mtoto wa miaka saba huifikia kwa miguu baada ya kutoka shule, haipaswi kuwa na mlango wa kulipia hata wa shilingi mia mbili, kwa sababu mtoto huyo hana mia mbili, na mzazi wake akizipata atanunulia mboga.

Bustani ya Forodhani kule Zanzibar, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ni mfano mwingine wa kufikiria. Pale wauza vyakula vya jioni wamepangiwa mahali na utaratibu, na mwananchi huingia bure, akiwa na fedha au asiwe nazo. Mfanyabiashara ndiye anayelipia nafasi ya kufanyia biashara, na aliyekuja kupunga upepo hadaiwi kitu.

SWALI: Mimi hutembea kila asubuhi kando ya Mto Themi, lakini njia hukatika mara kwa mara kwa sababu ya uzio wa watu, bustani za mboga na taka. Je, haiwezekani tukawa na njia moja inayofuata mto kutoka juu hadi chini? (Msomaji wa Sekei)

JIBU: Inawezekana kisheria kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Fikiria maana yake kwa jiji letu: Themi unashuka kutoka Mlima Meru, unapita katikati ya mji na kuendelea hadi kuungana na Kikuletwa, ambao hupeleka maji yake Nyumba ya Mungu. Naura nao unakatiza mji. Kando ya kila mmoja kuna ukanda ambao kwa sheria haufai kujengwa nyumba. Njia nyembamba ya miguu, nyasi na miti ya asili ni matumizi yanayopatana na ukanda huo, kwa sababu mafuriko yakija yatafunika njia na kuondoka bila kuchukua roho ya mtu wala godoro lake. Bustani ya Themi Living Garden, iliyo kando ya mto huo, inaonyesha jinsi ukingo unavyoweza kuwa mahali pa kupumzikia.

Kikwazo kikubwa ni wingi wa wahusika. Ukingo unasimamiwa kwa sheria za mazingira, maji yenyewe yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye makao yake Moshi, madaraja na barabara za mitaa ni za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mipango ni ya halmashauri, na pembeni wapo wenye hati za zamani zinazofika majini. Asipopatikana mmoja wa kuwaita wote mezani, kila ofisi itakujibu kwa haki kabisa kwamba jambo hilo si lake. Mimi naona mwenye kuita ni Mkurugenzi wa Jiji, na pa kuanzia ni kipande kimoja cha mita 500 kati ya madaraja mawili, mahali ambapo uzio si mwingi. Kigali walichagua bonde moja lililoharibika, la Nyandungu, lenye hekta zipatazo 120, wakaling'oa magugu na kulijaza miti ya asili na njia za kutembea na baiskeli, na mwaka 2022 wakalifungulia wananchi. Kazi ilichukua miaka kadhaa katika eneo hilo moja.

Wenye bustani za mboga nao wasisahauliwe katika mazungumzo hayo. Wengi wao ni kina mama wanaolisha masoko yetu mchicha na sukuma wiki, na kuwafagia bila kuwapa mahali pengine kutaleta chuki itakayoirudia njia yenyewe. Mboga zilizooteshwa mita kumi na kuendelea kutoka majini, bila dawa kali, zinaweza kuishi na njia ya miguu kwa miaka wakati mpango mzuri zaidi unatafutwa.

Neno moja la ufundi, kwa kuwa nimeona vijia vingi vikigeuka makorongo. Udongo wetu wa volkano ni laini, ukikauka ni vumbi na ukilowa ni utelezi. Njia ikichongwa moja kwa moja kuteremka mlima, mvua ya kwanza ya masika itaifanya mtaro. Ifuate mkunjo wa kilima, isipande zaidi ya mita moja kwa kila mita kumi za mwendo, iinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kutiririka juu yake, na pale penye mteremko mkali ziwekwe ngazi za mawe pamoja na njia ya pembeni ya kuzunguka kwa ajili ya wazee na wenye magongo. Vijana wenye sururu na kamba ya kupimia wanaweza kufanya kazi hiyo. Changarawe isambazwe mwishoni.

SWALI: Sisi wa Moshi tuna Msitu wa Rau, lakini ndugu zangu hudhani ni wa watalii tu. Je, mwenyeji anaruhusiwa kwenda kutembea? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

JIBU: Anaruhusiwa, na ninakusihi uwapeleke. Rau ni msitu wa hifadhi wenye hekta zipatazo 570, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, unaolishwa na maji ya chini ya ardhi yatokayo Kilimanjaro. Humo kuna mivule mikubwa, mbega, na mti adimu uitwao msoo. Msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, si Manispaa, kwa hiyo maswali ya ada na waongozaji yaulizwe kwa TFS. Mwende asubuhi, mvae viatu vilivyofungwa, msikate hata fimbo.

SWALI: Nina miaka 68. Daktari ameniambia nifanye mazoezi, lakini viwanjani nakuta vijana wa mpira tu. Wajukuu zangu wa kike nao hukaa pembeni wakitazama kaka zao. Je, Jiji haliwezi kuweka utaratibu wa michezo kwa watu wote? (Mzee wa Themi)

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Daktari wako amekuambia kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na walio na umri wa miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili walau siku tatu, kwa sababu ndiyo yanayozuia kuanguka. Wajukuu wako wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Halmashauri inaye Afisa Utamaduni na Michezo, na sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa iliweka pia kamati za michezo za mikoa na wilaya. Hata hivyo, nguvu nyingi huishia kwenye ligi na kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, yaani kwenye mashindano. Mtu ambaye hashindani hana jina katika ratiba. Hapo ndipo miji yenye idara za burudani na michezo kwa wote imetutangulia: wao huhesabu saa za uwanja kama mwenye duka anavyohesabu mali, wakajua alfajiri ni ya nani, adhuhuri ni ya nani na jioni ni ya nani.

Jambo hili halihitaji uwanja mpya. Saa 12 asubuhi hadi saa 2 viwanja vingi viko tupu, na ndio wakati unaokufaa wewe na wenzako. Siku mbili za jioni kwa wiki zinaweza kuandikwa kuwa za wasichana, kwa netiboli au kwa rede, mchezo ambao bibi zao waliucheza na ambao hauhitaji zaidi ya mpira wa soksi na mstari uliochorwa chini. Sharti ni kwamba ratiba ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na awepo mtu mzima, mwalimu au mzazi, wa kuisimamia wiki nne za mwanzo, kwa sababu vijana wa mpira hawatahama kwa sababu ya karatasi. Nimewahi kuona wasichana wakipewa Jumanne na Alhamisi, wakafika siku ya kwanza ishirini, siku ya tatu wakabaki watano kwa kuwa walisukumwa pembeni, na siku ya saba wakafika zaidi ya thelathini, baada ya mama mmoja wa mtaa kuamua kuketi na kiti chake katikati ya uwanja, akimenya viazi, hadi jua lizame. Lazima wawe na choo cha karibu pia. Bila choo wasichana hawarudi.

Barabara nayo inaweza kuwa uwanja kwa saa chache. Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi za Jumapili mbili kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2016, na watu wa rika zote hutoka kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Wenzetu wa Moshi wanalijua jambo hili kwa siku moja ya mwaka, wakati wa mbio za Kilimanjaro zilizoanza mwaka 2003. Arusha ina mitaa yenye mijakaranda ambayo Oktoba hugeuka zambarau juu na chini. Ningefurahi kuona mmoja wao ukifungwa kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi ya Jumapili moja kwa mwezi, kwa makubaliano na TARURA, polisi wa usalama barabarani na makanisa yaliyo karibu, ili waumini wasikwame.

Kwa sasa, mzee, anza na wenzako watano. Andikeni jina la kikundi, siku na saa, mpeleke kwa Mtendaji wa Mtaa na nakala kwa Afisa Utamaduni na Michezo, mkiomba saa ya alfajiri iandikwe rasmi kuwa yenu. Mkiitaka halmashauri iwawekee pia mwalimu wa mazoezi au taa mbili za uwanja, ombi hilo lifike katika mkutano wa mtaa kabla ya Desemba, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mapendekezo ya kata huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi linalofika Machi hujibiwa kwa bajeti ya mwaka unaofuata.